Maswali ya wasomaji: Kesi ya Man City, pesa za wadhamini na ligi yetu

Toleo lililopita tuligusia kifupi ile hukumu ya kesi ya Manchester City dhidi ya Ligi Kuu ya England, kesi ya kanuni za udhamini, yani zile zinazosema kampuni yenye uhusiano na mwenye timu isilipe udhamini zaidi ya thamani yake halisi sokoni. Barua na meseji zimekuja nyingi mno, Dodoma mjini, Kongwa, Manyoni mpaka Singida, na wengi wamechanganya mambo mawili matatu kwa hiyo leo ukurasa mzima tunaupa hii ishu. Barua tumezifupisha ila maneno ni ya wenyewe.

Mhariri habari za kazi. Sisi ni bodaboda wa Nkuhungu, hapa kijiweni mabishano hayaishi. Kuna mwenzetu shabiki wa City anasema timu yake ilishinda na EPL wakaaibika, kuna mwingine wa Arsenal anasema City ndio walinyoosha mikono. Juzi abiria kaja na mzigo kasimama pale mpaka kaondoka na bajaji kwa sababu watu wanabishana. Nani alishinda?
*Kijiwe cha Nkuhungu, Dodoma*

Ndugu zangu wa Nkuhungu, kwanza mbebeni abiria, halafu huu mtiririko mwenye simu nzuri awasomee wenzake.

Oktoba 2021 Newcastle ilinunuliwa na kundi linaloongozwa na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Saudi Arabia. Vilabu vingine vikashtuka, wakaona hawa kesho wataleta kampuni za nyumbani kwao zimwage pesa kwenye jezi, basi Desemba mwaka huohuo ligi ikapitisha kanuni za udhamini wa watu wenye uhusiano. Februari 2024 wakazikaza zaidi. City, ambayo tangu 2008 iko chini ya Sheikh Mansour wa Abu Dhabi na kifuani imebeba Etihad, shirika la ndege la hukohuko Abu Dhabi, ikasema hapana, hizi kanuni zinavunja sheria ya ushindani ya Uingereza, ikaenda kwenye usuluhishi.

Oktoba 2024 hukumu ikawekwa hadharani, kurasa 175, na siku hiyohiyo kila upande ukatoa taarifa unasema umeshinda, na ndio maana mpaka leo mnagombana. Ukweli ni kwamba jopo lilikubali kuwa ligi ina haki ya kuwa na kanuni za aina hii na likakataa hoja ya City kwamba zilitungwa kuwalenga wenye timu wa Ghuba. Hapo shabiki wa Arsenal ana lake. Lakini jopo hilohilo likasema kanuni zile, jinsi zilivyoandikwa, zilikuwa kinyume cha sheria kwenye mambo kadhaa, kubwa kuliko yote ni kwamba ziliacha nje mikopo ambayo wenye timu wanazikopesha timu zao. Pia maamuzi mawili ya ligi dhidi ya City, la udhamini wa Etihad na la benki ya First Abu Dhabi, yakatenguliwa kwa sababu City hawakutendewa haki kwenye utaratibu, hawakuonyeshwa data ambazo ligi ilitumia kuwapimia kabla uamuzi haujatolewa. Hapo mwana City ana lake.

Halafu Novemba 2024 vilabu vikapiga kura ya kurekebisha kanuni, 16 wakakubali, 4 wakakataa: City, Newcastle, Aston Villa na Nottingham Forest. Februari 2025 jopo likasema zile kanuni za zamani, kuanzia 2021 mpaka marekebisho ya Novemba 2024, ni batili zote, huwezi kuchomoa kipande kibovu ukabaki na kizuri. City tena wakafungua kesi ya pili kupinga zile mpya, ila Septemba 2025 pande mbili zikamalizana, City wakakubali kwamba kanuni za sasa ni halali na zinawabana. Kwa hiyo za zamani City waliziangusha, mpya wakazikubali. Gaweni pointi wenyewe.

Kwa hiyo yale mashtaka 115 yamefutwa?
*Msomaji, Makole*

Hapana. Ile ni kesi nyingine kabisa, mashtaka yake yalifunguliwa Februari 2023 na yanahusu miaka mingi ya hesabu za City. Hii tunayoongelea City ndio walikuwa walalamikaji, ile City ndio washtakiwa. Mtu akikwambia hukumu ya Oktoba 2024 imewasafisha City na 115, mwambie arudi akasome.

Kaka mhariri mimi sielewi kitu kimoja. Pesa ni ya Etihad, timu ni ya Sheikh, wao wenyewe wamekubaliana, sasa ligi inaingiliaje? Mtu akitaka kutoa bilioni mia kwenye jezi si pesa yake? Mbona mimi nikimpa mdogo wangu pesa hakuna mtu anayeniuliza? Hizi kanuni ni za wivu tu, matajiri wa zamani hawataki matajiri wapya.
*Mwana City damu, Chang'ombe*

Mdogo wangu wa Chang'ombe, hoja yako hata City waliisema kwa namna yao, tena kwa nguvu, walilalamika kwamba wengi wanatumia kura kuwakandamiza wachache. Na kwenye kuwaogopa matajiri wapya una sehemu yako ya ukweli, ukiangalia zile tarehe, Oktoba Newcastle wananunuliwa, Desemba kanuni imeshakuwepo, hakuna mtu mzima atakayesema ni bahati.

Ila angalia kwanini kanuni inahitajika. Wakati kanuni hizi zinatungwa England walikuwa na sheria ya hasara, klabu haikuruhusiwa kupoteza zaidi ya pauni milioni 105 ndani ya miaka mitatu. Maana yake ukitaka kununua wachezaji lazima uwe na mapato. Sasa kama mapato yenyewe unaweza kujiandikia, hiyo sheria ya hasara inabaki karatasi. Chukulia fremu za mtaani kwako zinapangishwa laki mbili kwa mwezi, halafu fremu yako imepangwa na baba yako kwa milioni mbili. Hakuna anayesema baba yako asikupe pesa. Ila ukienda kwa watu ukasema biashara yangu ya fremu inaingiza milioni mbili, hapo umedanganya, laki mbili ni kodi na iliyobaki ni zawadi ya mzazi. Kanuni haimkatazi Etihad kudhamini, inasema tu kwamba dili ya zaidi ya pauni milioni moja na mtu mwenye uhusiano na timu ipelekwe ligi ipimwe, na kile kinachozidi bei ya soko kisihesabiwe.

Tatizo lilikuwa kwenye nani anapima na anapimaje. Mwanzo kanuni ilisema dili ikataliwe kama ni dhahiri kwamba imezidi. Februari 2024 wakatoa neno dhahiri na mzigo wa kuthibitisha wakausogeza kwa klabu, na data za kulinganisha ziko kabatini kwa ligi huzioni. Hebu fikiria umepelekwa kwa mpimaji, mizani iko nyuma ya pazia, unaambiwa tu umezidi kilo. Ndio maana jopo lilikasirika na hilo eneo, na kwa maoni yangu lilikuwa sahihi kabisa. Mimi sio shabiki wa City na sitakuwa, ila haki ya kuonyeshwa unapimwaje ni ya kila mtu hata mtu mwenye pesa nyingi.

Shikamoo mhariri, au marahaba, maana sijui umri wako. Mimi ni mwalimu mstaafu niko Kongwa, nilifundisha hesabu. Naomba nieleweshwe hiyo mikopo ya wenye timu. Mkopo si deni? Deni linamnufaishaje anayedaiwa mpaka iwe kosa kuliacha nje?
*Mwalimu mstaafu, Kongwa*

Shikamoo mwalimu. Swali lako ndio roho ya hii kesi yote na watu wengi wanaliruka.

Tufanye hesabu ubaoni. Klabu inahitaji pauni milioni 100. Ikienda benki itapewa kwa riba, tuseme asilimia 7, kwa hiyo kila mwaka kuna pauni milioni 7 za riba zinaingia kwenye matumizi na kuongeza hasara. Sasa klabu ya pili inapewa milioni 100 zilezile na mwenye timu bila riba. Matumizi ya riba ni sifuri. Kwa miaka mitatu, kipindi kilekile cha kupima hasara, klabu ya pili imeokoa milioni 21, na milioni 21 kwenye soko la wachezaji ni beki mzuri tu. Hizo milioni 21 zimetoka wapi? Kwa mwenye timu. Ni pesa ya mmiliki inaingia klabuni kwa bei isiyo ya soko, sawasawa na udhamini uliozidishwa, tofauti ni mlango.

Na ile mlango wa mikopo ulikuwa unatumiwa na vilabu vikubwa na vya kati ambavyo vingine vilipiga kura kuziba mlango wa udhamini. Brighton, Everton na Arsenal ni kati ya vilabu vilivyotajwa sana kwenye habari za wakati ule kuwa na mikopo ya wenye timu ya mamia ya milioni za pauni. Sio kosa kukopeshwa na mwenye timu, niwe wazi hapo. Kosa ni ligi kusema tunazuia pesa za wamiliki zisipotoshe ushindani, halafu ikakagua aina moja ya pesa za wamiliki na nyingine ikaiacha ipite. Jopo likasema kuiacha nje mikopo hiyo kwenyewe ni kubana ushindani. Zile kanuni za Novemba 2024 ndio zikaingiza mikopo ndani, ingawa City walilalamika kwamba mikopo ya nyuma imepewa unafuu, na hiyo ilikuwa sehemu ya kesi yao ya pili.

Mwalimu mimi hapa ndipo naposimama kwenye huu mjadala wote. Ubaya au uzuri wa City sio hoja. Kanuni ya pesa ikiwa inamkuta jirani yako tu na wewe haikukuti, hiyo haiwezi kusimama mbele ya mtu yeyote anayejua sheria, iwe London iwe Dodoma.

Hao waamuzi ni akina nani? Ni mahakama kweli au kamati ya ligi? Maana kwetu kamati tunazijua.
*Msomaji, Ipagala*

Sio mahakama ya serikali na sio kamati ya ligi. Ni usuluhishi uliowekwa na kanuni za ligi yenyewe, vilabu vyote vimekubali kwamba wakigombana wataenda huko. Jopo lilikuwa la watu watatu, majaji na wanasheria wakubwa waliokwisha kustaafu kwenye kazi ya ujaji, na ligi yenyewe ilikuwa upande mmoja wa kesi kama City walivyokuwa upande wa pili. Ligi ikipoteza hoja inapoteza kweli. Hicho ndicho kitu cha kuwaonea wivu.

Habari mhariri. Mimi niko Manyoni, Yanga lialia. Nasoma mnasifia hii hukumu ya wazungu lakini mbona mnakwepa ya kwetu? 2021 GSM waliweka pesa kwenye ligi nzima, Simba wakagoma kuvaa nembo, GSM wakajitoa, timu ndogo zikakosa hela. Kama kungekuwa na jopo kama hilo Simba si wangeamriwa wavae? Semeni ukweli bila kuogopa.
*Mwananchi, Manyoni*

Mwananchi wa Manyoni hatukwepi, tena wewe ndio umetufungulia mlango, kwa hiyo nivumilie kidogo hapa nitaongea sana.

Kwa wasiokumbuka: Oktoba 2021 benki ya NBC iliingia kuwa mdhamini mkuu wa ligi. Mwezi uliofuata TFF, shirikisho la mpira nchini, ikasaini na kampuni ya GSM awe mdhamini mwenza, shilingi bilioni 2.1 kwa miaka miwili. GSM huyohuyo ndiye mdhamini na mfadhili wa Yanga. Simba wakagoma kuvaa nembo yake. Zikapita wiki za maneno, redioni ni hiyo, kijiweni ni hiyo, na Februari 2022 GSM akajitoa.

Sasa mimi nakuuliza na wewe. Unakumbuka 2013? Azam Media walipokuja na mkataba wa kuonyesha ligi, nani alisimama akapinga? Yanga. Na hoja mojawapo ilikuwa kwamba Azam wana timu yao kwenye ligi hiyohiyo, haiwezekani mpinzani wako uwanjani ndiye ameshika televisheni. Hoja ileile ya Simba 2021, imebadilisha jezi tu. Na mashabiki wa Simba ambao 2013 walikuwa wanasema Yanga wanajidai wakubwa, 2021 wakawa wanasema hatuwezi kuvaa nembo ya tajiri wa mtani. Tukirudi nyuma kabisa kuna ile ya Yanga kugomea rangi nyekundu kwenye nembo ya Vodacom mpaka wakaruhusiwa kuivaa nyeusi. Yani historia yetu ya udhamini wa ligi ni historia ya migomo, kila mmoja na zamu yake, na kila zamu tunaamua kwa nani ana kelele zaidi.

Na mkataba wa Azam wa sasa, ule wa 2021, ni wa miaka kumi na una thamani ya shilingi bilioni 225.6. Sisemi ni mkataba mbaya, mimi ni kati ya watu wanaoamini pesa ile imeokoa timu nyingi, mchezaji wa timu ya mkoani leo anaonekana nchi nzima. Ila ni ukweli ulio wazi kwamba familia ya kampuni inayolipia haki za televisheni ina timu inayogombea ubingwa huohuo. England jambo kama hilo lingejaza kurasa kadhaa kwenye kanuni, nani anakaa kwenye kikao gani, nani anatoka nje wakati gani. Sisi tunalimaliza kwa kuaminiana, na kuaminiana ni kuzuri mpaka siku refa atakapokataa penati.

Kuhusu swali lako, jopo lingewaamuru Simba wavae? Ningependa nikupe jibu la kukufurahisha ila sitakupa. Jopo la aina ile lingeanza kuuliza kabla ya yote kanuni inasemaje kuhusu mdhamini wa ligi ambaye pia anafadhili timu ndani ya ligi, ilipitishwa lini, vilabu vilishirikishwa vipi, na je inawakuta wote. Kama kanuni ipo na ni ya wote, Simba wangevaa hata kama wanalia. Kama haipo au imeandikwa baada ya mkataba kusainiwa, TFF ndio wangekuwa na kazi ya kujieleza. Na hapo ndipo penye maumivu ya timu ndogo uliyoyasema, na hilo nakuunga mkono kwa moyo wote, maana wakubwa wawili wakigombana wao hawakosi hela, Simba ana wadhamini wake, Yanga ana wake, anayekosa ni yule ambaye mechi ya ugenini Kagera au Mbeya anasafiri barabarani siku nzima na hoteli hajui italipwa na nani.

Mimi ni mwanafunzi wa sheria hapa UDOM. Je klabu ya Tanzania inaweza kutumia hukumu ile ya Uingereza kama rejea ikifungua kesi hapa?
*Msomaji, UDOM*

Dada, kama rejea ya kushawishi mtu anaweza kuitaja, ila haimfungi mtu yeyote hapa. Ile ilitokana na sheria ya ushindani ya Uingereza ya mwaka 1998 na ilikuwa usuluhishi wa ndani ya ligi yao. Sisi tuna sheria yetu ya ushindani ya mwaka 2003 na Tume ya Ushindani, FCC, ipo, na mashabiki wengi waliisikia FCC kwa mara ya kwanza kwenye mchakato wa mabadiliko ya umiliki wa Simba.

Shida ni njia ya kufika. Masharti ya FIFA yanataka migogoro ya mpira imalizwe ndani ya vyombo vya mpira, sio mahakama za kawaida, kwa hiyo klabu inaanzia kwenye vyombo vya TFF halafu CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo kule Uswisi. Na CAS hairukii. Yanga walijaribu kwenda huko 2025 baada ya mechi ya Machi 8 dhidi ya Simba kuahirishwa, wakaambiwa wamalize kwanza vyombo vya ndani. Kama unatafuta mada ya utafiti wa mwaka wa mwisho hii hapa, nani kwenye mpira wetu anaweza kusema kanuni ya ligi ni batili, na akisema nani anamsikiliza. Ukimaliza tuletee nakala, tutaisoma neno kwa neno.

Habari za leo. Nauza jezi soko la Majengo. Mimi hizo kesi sizijui ila kila wadhamini wakibadilika mimi ndio naumia. Nina marobota ya jezi zenye nembo ya zamani, mteja anaishika, anageuza kifuani, anasema mama hii ya mwaka juzi, anairudisha kwenye henga. Halafu kuna jezi ya ligi na ya CAF za timu moja na zina maandishi tofauti. Kwani hawawezi kuwa na mdhamini mmoja wakatulia?
*Mama Jezi, Majengo*

Mama yetu pole sana, na nashukuru umeandika maana kwenye mijadala hii mtu wa mwisho kukumbukwa ni anayeuza.

Kwanza hiyo ya jezi mbili. Michuano ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ina masharti yake ya udhamini ambayo ni tofauti na ya ligi ya nyumbani, kwa hiyo nembo inayoruhusiwa kwenye mechi ya ligi pale uwanja wa Jamhuri inaweza isiruhusiwe kwenye mechi ya Afrika. Ndio maana Simba msimu wa 2020/21 walivaa Visit Tanzania kwenye Ligi ya Mabingwa, na Yanga 2023 wakavaa Haier kwenye Kombe la Shirikisho wakati kwenye ligi walikuwa na SportPesa. Hilo halitakwisha leo wala kesho.

Kingine, makampuni ya kubeti ndio yanalipa vizuri kwa sasa hapa kwetu, na mikataba yao inakuja na kuondoka. Wenzetu England vilabu vilikubaliana Aprili 2023 kuondoa kampuni za kamari mbele ya jezi ya mechi ikifika mwisho wa msimu wa 2025/26, walipeana muda wa kutosha, miaka kama mitatu, kila mtu ajipange. Hicho kipengele cha kupeana muda ndicho ningependa sana bodi ya ligi yetu ikiige, kwa ajili ya watu kama wewe. Kwa sasa ushauri wangu mama ni mdogo tu: usichukue mzigo mkubwa wa jezi ya klabu ambayo mkataba wake wa udhamini unaisha msimu huo, tarehe za mikataba zinatangazwa siku ya kusaini, andika kwenye daftari. Na zile za zamani usizitupe, kuna watu wanakusanya, hasa za msimu ambao timu ilichukua kombe. Ziweke zionekane na mwaka wake uandike.

Mhariri, mimi ni shabiki wa Dodoma Jiji tangu tunapanda 2020. Nakaa jukwaani Jamhuri jua linanipiga. Swali langu: timu yetu ni ya Halmashauri ya Jiji. Jiji likitoa pesa, hiyo ni udhamini au ni mwenye timu anatoa pesa? Maana kwa kanuni za England si tungepelekwa kupimwa bei ya soko? Na sisi bila jiji hatuna kitu.
*Mzee wa Jukwaa, Area D*

Mzee wangu, hili ndilo swali bora kuliko yote tuliyopata, na hata mabwana wa London wangekuna kichwa.

Kwa tafsiri ya England, ndio, halmashauri ni mwenye timu, na pesa yake inayoitwa udhamini ingepelekwa kupimwa. Na hamko peke yenu. KMC ni ya Manispaa ya Kinondoni, Tanzania Prisons ni ya Magereza, JKT Tanzania ni ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mashujaa ya Kigoma nayo ni ya jeshi. Ligi yetu ina sehemu kubwa ya timu ambazo mwenye timu ni taasisi ya umma. Kwa hiyo mtu akija kesho akasema tunakili kanuni za England kama zilivyo, wa kwanza kubanwa sio Simba wala Yanga, ni nyinyi, halafu aliyeandika atashangaa kwanini Jamhuri imebaki majani matupu.

Ndio maana simuungi mkono anayesema tukopi. Kule tatizo lao ni pesa nyingi mno kutoka kwa mtu mmoja. Kwetu timu nyingi zina tatizo la pesa kidogo isiyojulikana inakuja lini, bajeti ya halmashauri ikichelewa mshahara wa mchezaji unachelewa, meya akibadilika na vipaumbele vinabadilika. Kanuni yetu inabidi ianze hapo. Mwenye timu aruhusiwe kuweka pesa yake bila kuficha jina, iandikwe ni pesa ya mwenye timu, isipakwe rangi ya udhamini. Na yule anayefadhili timu moja akitaka kudhamini ligi au timu ya pili na ya tatu, hapo ndipo pawe na ukaguzi mkali, maana mechi ya timu mbili zenye mfuko mmoja inatia shaka hata kama wachezaji wamecheza kwa jasho lote, na wanaoumizwa na hiyo shaka ni wachezaji wenyewe. Hiyo kanuni ipitishwe mwezi ambao hakuna dili mezani na hakuna mtani aliyekasirika, vilabu vyote vipige kura, matokeo ya kura yatangazwe kwa majina kama wale 16 na wale 4.

Kuhusu Dodoma Jiji yenyewe, mzee, una nguvu ambayo shabiki wa City hana. City ni ya Sheikh, yule shabiki hawezi kumuuliza kitu. Hii timu ni ya halmashauri, halmashauri ina madiwani, na vikao vya baraza la madiwani mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Diwani wako wa kata unamjua mpaka anapokunywa chai. Muulize mambo matatu: msimu huu timu imetengewa kiasi gani, nje ya jiji kuna mdhamini gani na mkataba wake unaisha lini, na kampuni ikitaka kuweka nembo kifuani kwa Dodoma Jiji inaongea na ofisi gani. Hilo la tatu ulizia kwa mkazo, kwa sababu hapa mjini sasa hivi kuna mabenki, mahoteli, viwanda vya mvinyo na makampuni ya ujenzi yaliyofuata serikali ilipohamia, na kifua cha jezi ya timu ya makao makuu ya nchi kina bei yake sokoni. Ukipata majibu tuandikie, na kama diwani atakubali tutayachapa hapahapa.